Kikao cha Tano cha Kamati ya Nyumba: Ruta Inayokatika Katikati ya Somo la Babu

TAREHE: Jumamosi, tarehe 14

MUDA: Kiliitishwa saa nane kamili mchana. Kilianza saa nane na dakika ishirini.

MAHALI: Chumbani kwa Babu, ambako ndiko ruta ya intaneti ya nyumba nzima ilipo

WALIOHUDHURIA
Babu, Mwenyekiti
Baba Mkubwa, mtunza stoo mstaafu, Makamu Mwenyekiti (ndiye aliyeongoza)
Bibi, mke wa Mwenyekiti, Mjumbe
Shangazi, fundi cherehani, Mjumbe
Baba Mdogo, dereva wa lori, maarufu Injinia, Mjumbe
Mjukuu wa kike, karani, Katibu

ASIYEHUDHURIA
Mke wa Injinia, aliyesema hana muda wa kukalia kikao cha taa ya ruta. Kamati imeupokea huo kuwa ni udhuru.

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa baada ya Makamu Mwenyekiti kugonga meza ya dawa mara tatu na chupa moja kuanguka. Mwenyekiti aliinua mkono wa kushoto, ishara ambayo kamati inaitambua kuwa ruhusa ya kuanza.

Kwa faida ya kumbukumbu, ielezwe kwamba Mwenyekiti alipigwa na kiharusi miezi mitano iliyopita. Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Ni ulimi na mkono wa kulia tu ambavyo havijarudi kazini. Zamani Mwenyekiti aliweza kuzungumzia ufunguo mmoja wa geti kwa dakika arobaini, na baadhi ya wajumbe (majina yamehifadhiwa, ila mmoja wao ni Katibu) waliwahi kumwomba Mungu awapunguzie. Siku hizi hakuna anayeomba hivyo.

Makamu Mwenyekiti alieleza kwamba hii ni mara ya kwanza kikao kufanyika katika chumba hiki, kwa sababu sebule yote imetandazwa sare za kwaya ambazo Shangazi anazikata. Aliongeza kwamba sebule ni ya wote. Shangazi alijibu kwamba mkasi ni wake. Wajumbe waliketi ukingoni mwa kitanda, juu ya ndoo na kwenye kiti kimoja, ambacho Makamu Mwenyekiti alikuwa amekikalia tayari.

KUMB. NA. 2/5: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE

Katibu alisoma kumbukumbu. Shangazi alipinga kuandikwa kwamba "alifoka", akisema kwamba yeye alieleza tu. Baada ya mjadala neno hilo lilibaki, kwa kuwa alipokuwa akilipinga alifoka.

Azimio la 3/4 lilisomwa upya ili kila mtu alikumbuke: "Mjumbe yeyote atakayeona mtandao umekatika asimsubiri mwenzake. Aende mwenyewe, azime ruta kwenye swichi ya ukutani, ahesabu hadi kumi, aiwashe, aondoke kimya asimsumbue mzee." Makamu Mwenyekiti alilisifu kuwa ndilo azimio bora kuwahi kupitishwa na kamati hii, ambayo maazimio yake mengine, alisema, huishia kwenye daftari. Katibu, aliyeliandika kwa mkono wake na kulinyoosha mara mbili, alishukuru kwa niaba ya azimio. Wajumbe wote mmoja mmoja walikula yamini kwamba wanalitekeleza bila kukosa.

Hoja ya Injinia kwamba tangu lipitishwe mtandao umezidi kuharibika iliahirishwa hadi agenda ya nne.

KUMB. NA. 3/5: SOMO LA MWENYEKITI

Bibi alieleza kwamba kila Jumanne na Jumamosi, saa kumi alasiri, Mwenyekiti hufundishwa kutamka kupitia tableti na mtaalamu wa matamshi anayeishi mji mwingine. Wakati wa somo hukaa peke yake na mlango umerudishwa, kwa sababu hapendi kusikika akihangaika na neno "kikombe", yeye aliyekuwa akihutubia msiba mzima bila karatasi. Masomo matatu yaliyopita yalikatika katikati na hayakurudi tena.

Asubuhi ya leo mtaalamu alituma ujumbe, ambao Katibu aliusoma: "Shikamoo Bibi. Naomba mnielewe. Nina wagonjwa tisa wanaoisubiri saa hii ya mzee. Leo akinipotea tena hewani itanibidi nimpe mwingine, na yeye atarudi kwenye foleni, kama miezi minne hivi. Sipendi kabisa, maana huu ndio wakati ulimi wake unaanza kukubali."

Kwa hiyo kamati ilikuwa na muda hadi saa kumi.

Bibi aliomba kuongeza neno moja. Alisema kwamba kwa miaka arobaini na tisa amekuwa akimwambia mume wake, "Mzee, nyamaza basi kidogo." Sasa anataka aambiwe tena kwamba mchuzi wake umezidi chumvi. Hata kama haujazidi. Makamu Mwenyekiti alikohoa kwa muda, kisha akasema tuendelee.

KUMB. NA. 4/5: KUTAFUTA CHANZO

Injinia (anayeitwa hivyo tangu alipotengeneza redio ya jirani, redio iliyoimba siku mbili) alieleza kwamba mwizi ni kinyozi wa jirani, ambaye wateja wake hukaa wanatazama mpira kwa waifai yetu. Kwa sababu hiyo amebadilisha paswedi mara tatu wiki hii. Shangazi alisema paswedi ya sasa ni ndefu kiasi kwamba yeye mwenyewe, aliyeandikiwa kwenye karatasi, ilimchukua robo saa kuingia, sembuse kinyozi mwenye mashine mkononi.

Makamu Mwenyekiti alisema hataki kumnyooshea mtu kidole, kisha akanyoosha kidole kwa Shangazi. Alieleza kwamba pasi yake inakula umeme na ruta inabaki na njaa. Shangazi alimkumbusha kwamba Jumanne pasi ilikuwa kwa fundi, na mtandao ulikatika vilevile. Alitaka pia kujua ni nani aliyeikalisha ruta juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi, pale kwenye rafu. Makamu Mwenyekiti alikiri kwamba ni yeye, na kwamba chuma huongeza nguvu. Bibi alisema, "Kumbe sufuria yangu ya wali iko huku! Wiki mbili nimemshuku dada wa watu!" Iliamuliwa sufuria irudi jikoni mara moja, na Bibi apeleke samahani kwa jirani anayehusika, bila kueleza kosa lenyewe.

Wakati wote wa mjadala huu Mwenyekiti alikuwa akiinua mkono wa kushoto na kutoa sauti. Bibi alimpa maji. Aliyasukuma. Shangazi alimwekea mto. Alimrudishia. Injinia alisema mzee anasikia joto, akamgeuzia feni. Mwenyekiti alifumba macho kama mtu anayehesabu kimoyomoyo ili asitukane.

Kuhusu kampuni ya intaneti, Bibi alitoa taarifa kwamba fundi wao alikuja Jumatatu. Alimfungulia, akamwonyesha chumba, akaenda dukani kufuata sukari ya chai. Aliporudi fundi alikuwa ameshaondoka. Kwa vile mtandao bado unakatika, kamati iliona wazi kwamba hakufanya chochote. Katibu aliagizwa kuandika barua ya malalamiko yenye maneno makali. Katibu alijibu kwamba maneno makali anayo tayari, kilichokuwa kikikosekana ni anwani.

KUMB. NA. 5/5: TUKIO LA SAA TISA NA DAKIKA SITA

Agenda hii haikuwepo kwenye ratiba.

Saa tisa na dakika sita simu zote chumbani zilipoteza mtandao, na taa ya ruta ikageuka nyekundu. Kwa mujibu wa Azimio la 3/4, Makamu Mwenyekiti alisimama. Kwa mujibu wa azimio hilohilo, Shangazi alisimama. Injinia alishafika nusu ya njia. Katibu aliweka kalamu chini na kwenda, kwa kuwa azimio linamkataza kumsubiri mwenzake. Bibi, aliyekuwa karibu na mlango, ilipo swichi, aliwatangulia wote. Mikono mitano ilikutana kwenye swichi moja.

Mazungumzo yaliyofuata yanaingizwa kama yalivyosemwa.

Makamu Mwenyekiti: "Ninyi mnafanya nini hapa?"

Shangazi: "Nazima. Wewe je?"

Makamu Mwenyekiti: "Mimi nazima."

Injinia: "Si mimi ndiye huwa nazima?"

Bibi: "Wewe unazima saa ngapi, na mimi kila siku nazima?"

Katibu aliihesabu mikono. Alikuwa anaanza kupata picha, na picha yenyewe hakuipenda.

Hapo ikasikika sauti kutoka kitandani. Mwenyekiti alikuwa anacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, huku akilipiga godoro kwa mkono wa kushoto. Hakuna kati yetu aliyemsikia akicheka tangu augue, na kwa dakika nzima tulisimama pale ukutani tukimtazama, mikono bado iko kwenye swichi. Alipotulia, alimwelekezea kidole Bibi, kisha swichi. Halafu Katibu, kisha swichi. Shangazi, swichi. Injinia, swichi. Alipofika kwa Makamu Mwenyekiti alionyesha swichi mara mbili.

Wajumbe waliulizwa mmoja mmoja walikuwa wapi Jumanne baada ya somo kukatika. Bibi alikuwa jikoni. Simu ilipokwama alikuja, akapenyeza mkono mlangoni, akazima, akahesabu, akawasha, akaondoka. Dakika mbili baadaye Katibu alitoka barazani, akakuta bado hakuna mtandao, akazima, akawasha. Kisha Shangazi kutoka kwenye cherehani. Kisha Injinia, ambaye huhesabu hadi ishirini ili kuwa na uhakika. Makamu Mwenyekiti alizima, akarudi sebuleni, akaona kimya, akaja kuzima tena.

Mwenyekiti alipunga mkono wa kushoto kuonyesha alivyokuwa akituzuia, na iliulizwa ni kwa nini hakuna aliyemwona. Kila mjumbe alijibu jambo moja, kwa maneno tofauti: kwamba alipenyeza mkono bila kutazama ndani, kwa heshima, ili mzee asione haya kukutwa akihangaika na maneno. Tulikuwa tumemheshimu hadi tukamwacha peke yake.

KUMB. NA. 6/5: SIMU KWA FUNDI WA KAMPUNI

Taa ilikuwa imerudi kijani yenyewe wakati wajumbe wakihojiana. Hakuna aliyeona ilipogeuka.

Shangazi alimpigia fundi na kuweka spika ili wote wasikie. Alianza kwa sauti ya barua ya malalamiko, lakini fundi alimkatiza kwa upole. "Mama, mimi Jumatatu nilikuja. Nimebadilisha kichwa cha waya hapo ndani. Tatizo lililobaki ni waya wa nje, kwenye nguzo, umechoka. Tutaubadilisha Jumatano. Mpaka hapo itakuwa inakatika mara mojamoja, na inarudi yenyewe, dakika mbili haziishi. Ila msiizime. Mkiizima inaanza moja, dakika tano nzima. Na mkiizima tena kabla haijaamka, hapo mtakesha."

Shangazi aliuliza kwa nini maelezo hayo hakumwachia mtu.

"Nilimwachia mzee mwenye nyumba," fundi alisema. "Nilimkuta peke yake, nikaketi nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Nikamuuliza, mzee umenielewa? Akaitikia kwa kichwa. Tena alinishika mkono akawa hataki kuuachia. Nilijua tu amefurahi kuelezwa."

Shangazi alimshukuru na kukata simu. Kisha akaketi kwenye ndoo, akasema taratibu, na hili linaandikwa kwa sababu ni la nadra: "Jamani. Mzee alikuwa anajua."

Makamu Mwenyekiti aliuliza ni mjumbe gani, tangu Mwenyekiti augue, amewahi kumuuliza maoni yake kikaoni na kumsubiri ajibu kwa namna yoyote. Hakuna aliyeinua mkono. Makamu Mwenyekiti naye hakuinua.

KUMB. NA. 7/5: KUFUTWA KWA AZIMIO LA 3/4

Katibu aliomba radhi. Alieleza kwamba sehemu ya "asimsubiri mwenzake" aliiongeza yeye, kwa kuwa ilipendeza masikioni, na kwamba ndiyo iliyomkatia Babu masomo matatu. Alisema anaona aibu, na kwamba aibu hiyo iandikwe. Imeandikwa.

Bibi alisema Katibu asijitie kitanzi kwa kosa la watu watano. Injinia aliahidi kurudisha paswedi ya zamani na kumsalimia kinyozi vizuri. Makamu Mwenyekiti alipendekeza azimio jipya lenye vipengele sita. Mwenyekiti alimtazama. Vipengele vilipungua hadi kimoja: RUTA ISIGUSWE. Kura ziliinuliwa, na safari hii Mwenyekiti aliombwa kura yake kwanza, tukangoja. Aliinua mkono wa kushoto na kuuweka juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa kumi kasoro dakika kumi Makamu Mwenyekiti alitaka wajumbe watoke ili mzee afundishwe kwa faragha kama kawaida. Mwenyekiti alimshika Katibu mkono wa gauni, akaonyesha sakafu. Bibi alimuuliza, "Unataka tukae?" Akaitikia kwa kichwa. "Tukusikilize?" Akatikisa kichwa kukataa. Akaonyesha mikono yetu, mmoja baada ya mwingine, kisha macho yake mwenyewe.

Ilieleweka. Alitaka kuiona mikono yote kumi ilipo.

KUMB. NA. 8/5: SOMO LA SAA KUMI

Mtaalamu wa matamshi alipatikana saa kumi kamili. Ni dada mwenye miwani na sauti tulivu. Aliposikia kwamba kuna kamati chumbani alicheka, akauliza kama ina bajeti. Mwenyekiti alionyeshwa picha moja moja azitaje: kijiko, mlango, kikombe. Kijiko kilitoka nusu. Mlango ulikwama kwenye mla. Kikombe hakikutoka kabisa, na jasho lilimtoka usoni. Wajumbe walitazama miguu yao, hadi Bibi alipoinua uso akamtazama, nasi tukamfuata.

Saa kumi na dakika kumi na mbili picha iliganda. Taa ikawa nyekundu.

Makamu Mwenyekiti aliinuka kidogo kutoka kitini. Mwenyekiti alimgeukia. Makamu Mwenyekiti aliketi. Injinia alikalia mikono yake. Shangazi alishika mkono wa Bibi, Bibi akashika wa Katibu, na tukangoja roho juu. Dakika ya kwanza ilipita. Katibu anathibitisha kwamba hajawahi kuitamani swichi kama alivyoitamani ile. Tuliwaza wagonjwa tisa kwenye foleni, na miezi minne. Shangazi alinong'ona, "Je, kama fundi kakosea?" Dakika ya pili ilianza, ikaenda, ikaenda.

Taa iligeuka kijani. Picha ilitetemeka, na yule dada akarudi na miwani yake.

"Mzee? Bado upo? Nilikuwa nakaribia kufunga."

Mwenyekiti hakumjibu kwanza. Aliwatazama wajumbe, kuanzia kwa Makamu Mwenyekiti, mmoja mmoja, bila haraka, jinsi alivyokuwa akitutazama zamani kabla ya hotuba. Midomo yake ilihangaika. Bibi alitaka kumletea maji, akajizuia. Kisha ikatoka, silabi moja moja, kila moja ikivutwa kwa nguvu:

"Ni. Li. Wa. A-mbia."

Mtaalamu alivua miwani, akasema hilo halikuwa kwenye orodha yake ya leo, na kwamba ndiyo sentensi kamili ya kwanza aliyoisikia kwa mzee huyu. Alisema Jumanne, saa ileile, atakuwepo, na saa ya mzee hampi mtu.

Bibi alitoka nje bila kuomba ruhusa ya kiti. Injinia alilia waziwazi. Makamu Mwenyekiti alisema kuna vumbi chumbani. Katibu alilia pia, ndiyo maana mistari hii imechafuka.

KUMB. NA. 9/5: KUFUNGA KIKAO

Bibi alirudi akiwa amenawa uso. Aliomba maneno ya Mwenyekiti yaingizwe kama yalivyo, bila Katibu kuyanyoosha. Yameingizwa.

Saa kumi na moja kasorobo Makamu Mwenyekiti aliuliza kama yupo mwenye la kuongeza kabla hatujatawanyika. Mwenyekiti aliinua mkono. Tulimgeukia wote, tukanyamaza, tukamsubiri. Alilirudia lilelile, na safari hii hakukwama.

Saini za waliothibitisha:

MWENYEKITI: Babu (kwa mkono wa kushoto, alikataa kushikiwa kalamu)

KATIBU: Mjukuu